Maswali Yenu ya Kamera: Lenzi ya Kila Siku na Kituliza Chake

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: lenzi gani ya zumu ikae kwenye kamera siku zote, na ile stabilaiza inayosifiwa dukani inasaidia nini hasa. Tumechagua tano. Stabilaiza hapa tunaiita kituliza, maana kazi yake ni kutuliza mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Wengi wanakidai kazi isiyo yake, na barua ya kwanza ni mfano mzuri.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Napiga picha za harusi na sendofu. Kamera yangu ni Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm IS STM. Mchana nje sina shida. Usiku ukumbini, bibi harusi akiingia anacheza na wapambe wake, picha zinatoka na ukungu ingawa IS, stabilaiza ya Canon, nimeiwasha. Nikiangalia taarifa za picha naona lenzi 55mm, tundu f/5.6, kasi 1/30 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600. Akiba yangu inatosha lenzi moja. Mwenzangu mmoja ananishauri 18-135mm IS kwa sababu inavuta mbali, mwingine 17-55mm f/2.8 IS. Nichukue ipi? – Mpiga picha, Morogoro

JIBU: Chukua ya f/2.8, maana namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi huingiza mwanga zaidi. Ila kabla hujatoa pesa, hakikisha ugonjwa ni huo tunaoudhani. Fungua picha moja iliyoharibika, ikuze hadi asilimia 100, uache uso wa bibi harusi utafute kitu kisichotembea: kinara cha mezani, ukingo wa keki, herufi za majina ya maharusi kwenye pambo la ukutani. Ikiwa herufi zinasomeka vizuri na mikono ya wachezaji ndiyo iliyoyeyuka, kituliza kimemaliza kazi yake na hakina deni. Waliotembea ni watu. Ikiwa kila kitu kimeburuzika upande mmoja, herufi na watu pamoja, huo ni mkono wako. Na ikiwa watu wamefifia huku pambo la nyuma likiwa kali kama wembe, basi fokasi, yaani mahali lenzi inapoweka ukali, ndiyo iliyokwenda ukutani badala ya usoni, na hapo hata lenzi ya bei kubwa haitakusaidia mpaka uchague nukta moja ya fokasi na kuiweka kwenye jicho.

Kwa takwimu ulizotuma, tunaamini ni hali ya kwanza. Ndani ya lenzi mna vihisi vidogo vinavyopima mkono unavyoyumba, na kundi la vioo linalosogezwa kinyume cha myumbo huo ili picha itulie juu ya sensa, bamba linalopokea picha ndani ya kamera. Vihisi hivyo havijui kama aliye mbele yako anacheza au ameketi. Bila kituliza, desturi ni kupiga kwa kasi isiyopungua moja juu ya urefu wa lenzi, na kwa kamera yako, kwa kuwa sensa yake ni ndogo, unazidisha kwanza kwa 1.6: 55 mara 1.6 ni 88, kwa hiyo 1/90. Mtengenezaji wa lenzi yako anataja stopu 4 za msaada; kila stopu ni kuzidisha au kugawa mwanga kwa 2. Kwa mkono wa kawaida wa mtu aliyechoka saa 5 usiku, hesabu 2 au 3. Hivyo 1/30 kwa mkono wako ni salama. Kwa mtu anayetembea polepole unahitaji 1/125, na kwa anayecheza kwelikweli 1/250 au zaidi.

Kutoka 1/30 hadi 1/125 ni stopu 2, yaani unahitaji mwanga mara 4. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni stopu 2 vilevile. Lenzi ya 17-55mm f/2.8 inakupa 1/125 papo hapo, kwa ISO ileile ya 1600 na taa zilezile. Ukipanda ISO 3200 unapata 1/250. Lenzi ya 18-135mm ikivutwa mwisho inafunguka f/5.6 tu, sawa na uliyo nayo, na inatikisika zaidi kwa sababu imevuta zaidi. Ni lenzi nzuri sana kwa mikutano ya mchana, mahafali na safari. Kwa ukumbi wa usiku ungenunua tatizo lilelile kwa bei mpya.

Bei ya 17-55mm ya Canon ikikuzidi, tafuta Sigma 17-50mm f/2.8 yenye herufi OS au Tamron 17-50mm f/2.8 yenye herufi VC, ambazo ndizo alama zao za kituliza. Kuwa macho kwenye Tamron, kwa kuwa iko nyingine ya 17-50mm f/2.8 isiyo na kituliza kabisa, na kwa mbali zinafanana. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kipenyo cha uzi wa filta mbele ya lenzi: yenye VC ni 72mm, isiyo nayo ni 67mm. Mota ya fokasi ya hiyo VC inasikika, kwa hiyo kama unarekodi video pia, Sigma au Canon itakufaa zaidi.

Yako mambo matatu utakayokutana nayo usiku wa kwanza. La kwanza ni uzito. Lenzi ya Canon ni gramu 645 wakati uliyo nayo ni gramu 205, hivyo mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi muda wote, si ubavuni mwa kamera. La pili ni kina cha fokasi. Kwa 55mm, f/2.8, mtu akiwa mita 3, sehemu iliyo kali haizidi sentimita 30 hivi. Bwana harusi akisimama hatua moja nyuma ya mkewe, mmoja wao atafifia. Kwa picha za pamoja funga hadi f/5.6 na uwashe flashi. La tatu ni flashi ya kwenye kamera: lenzi hizi ni nene, na ukiziacha na kofia yake ya kuzuia jua, kwenye 17mm utaona kivuli cha nusu duara chini ya kila picha. Vua kofia hiyo kabla ya kuinua flashi.

Ukitumia flashi, usibaki kwenye 1/30. Mwako wa flashi utamgandisha mchezaji, lakini taa za ukumbi zitaendelea kumchora kwa muda wote uliobaki, na utapata mkono mmoja mkali wenye vivuli vitatu pembeni yake. Weka 1/160; kamera yako inafika 1/200 na flashi. Na kama flashi yako ni ya kupachika na unaielekeza darini, tazama kwanza dari limepambwa kwa kitambaa cha rangi gani, maana kitambaa cha zambarau kitamrudishia bibi harusi uso wa zambarau.

Wakati unakusanya pesa, jaribu hili Jumamosi hii bila gharama yoyote: usivute. Lenzi yako kwenye 18mm hufunguka hadi f/3.5, ambayo ni stopu 1 na theluthi zaidi ya f/5.6. Sogea karibu kwa miguu, panda ISO 3200, na kwa mwanga uleule uliokupa 1/30 utapata kama 1/160. Picha itakuwa na chembechembe kidogo, lakini mikono itakuwa mikono.

SWALI: Nimeonyeshwa Canon ndogo yenye lenzi ya 18-55mm. Muuzaji anasema lenzi zote za 18-55 zina stabilaiza siku hizi. Ni kweli? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Si kweli, mwalimu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Canon ina 18-55mm III isiyo na kituliza, ambayo huuzwa pamoja na kamera zake za bei nafuu, na kwa umbo ni pacha wa 18-55mm IS II. Hata filta ni ileile ya 58mm. Usisome maandishi ya kwenye boksi, soma ya kwenye lenzi yenyewe: herufi IS ziwepo baada ya namba za f, na ubavuni iwepo swichi iliyoandikwa STABILIZER yenye ON na OFF. Kwa hizo mbili, hakuna swichi, hakuna kituliza.

Kila kampuni ina herufi zake. Canon ni IS, Nikon ni VR, Sigma ni OS, Tamron ni VC, Sony ni OSS, Fujifilm ni OIS. Swichi si ushahidi kwa wote: lenzi za Nikon za AF-P DX hazina swichi, VR huwashwa kwenye menyu ya kamera, na 18-55mm AF-P nayo iko yenye VR na isiyo na VR. Kamera nyingi za Pentax na Olympus zina kituliza ndani ya kamera, kinachosogeza sensa badala ya vioo, kwa hiyo lenzi zake hazihitaji herufi hizo.

Ukiwa dukani, weka betri, vuta hadi 55mm, tazama kwenye kitundu cha kuchungulia na ubonyeze kitufe cha kupigia picha nusu. Elekeza kwenye kitu chenye mstari wima, fremu ya mlango inafaa. Ndani ya sekunde moja hivi utauona mstari unaacha kuruka na kuanza kuelea taratibu, na ukisogeza sikio utasikia mvumo mdogo. Zima swichi urudie. Tofauti haijifichi.

SWALI: Hamjambo. Nina Nikon D3200 ambayo lenzi yake ilianguka. Nimepata 18-55mm AF-P VR kwa bei nzuri, lakini nikiivisha kamera inagoma kufokasi, hata nikizungusha ringi kwa mkono hakuna kinachotokea. Lenzi ni mbovu? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hatudhani ni mbovu. Ni nzima, na kamera yako ni nzima, ila hazielewani. AF-P hutumia mota mpya inayoamriwa na kamera, na hata ringi ya mkono si ya meno, ni ya umeme: ukiizungusha inatuma ombi kwa kamera, na kamera isiyojua lugha hiyo haijibu. D3200 imo kwenye orodha hiyo, pamoja na D3100, D5100 na D90. Hakuna programu ya kusasisha itakayoibadilisha. Kama unaweza kuirudisha, irudishe leo.

Tafuta yenye herufi AF-S, ambayo ina mota yake ndani ya lenzi. Usichukue AF peke yake au AF-D, kwa sababu D3200 haina mota ya fokasi ndani yake na hizo utazifokasi kwa mkono maisha yote. 18-55mm AF-S VR, ya kwanza au VR II, inatosha kwa kazi ya nyumbani na shule. Filta yake 52mm. Ukiongeza pesa kidogo, 18-105mm AF-S VR ndiyo tunayoipenda kwa kamera hii: inavuta karibu mara mbili zaidi, inapatikana kwa urahisi ikiwa imetumika, filta 67mm. Udhaifu wake uko kwenye shingo inayoingia kwenye kamera, ambayo ni ya plastiki. Unapoikagua, vua lenzi na uhesabu yale masikio matatu ya shingo. Sikio moja likiwa na ufa, iache.

SWALI: Assalamu alaykum. Napiga picha za Mji Mkongwe, milango na barabara zake, kwa Canon 60D. Kuna mtu anauza 17-85mm IS USM na 15-85mm IS USM, zote zimetumika. Ya kwanza ni rahisi sana. Nikague nini, na tofauti ya milimita 2 ina maana? – Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa Mji Mkongwe milimita hizo ni mali. Chukua mlango wa nakshi wenye fremu yake yote, urefu karibu mita 3, na uchochoro ambao ukiegemea ukuta wa pili uko mita 2 kutoka mlangoni. Kamera ikiwa wima, 15mm inachukua karibu mita 3 kutoka kizingiti hadi juu. 17mm inachukua mita 2 na sentimita 60. 18mm inachukua mita 2 na nusu, na nakshi ya juu yenye tarehe na maandishi ndiyo inayokatwa. Wengi hujaribu kuinua kamera, na nguzo za mlango zinaanza kuegemeana kama hema. Ukiwa na 15mm unaweza kuishika kamera sawa, isiangalie juu wala chini, na mlango ukabaki wima.

Kuhusu ile ya 17-85mm, urahisi wake una sababu. Ndani yake mna waya bapa unaopeleka umeme kwenye vibao vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi, na waya huo hujikunja kila unapovuta na kurudisha. Baada ya miaka hukatika, na kamera huonyesha Err 01. Kinachodanganya ni kwamba tundu likiwa wazi kabisa lenzi hupiga vizuri, kwa hiyo muuzaji anaweza kukupigia picha 10 safi mbele yako. Weka kamera kwenye Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi), chagua f/11, na upige picha kwenye 17mm, 24mm, 35mm, 50mm, 70mm na 85mm. Ikigoma hata mahali pamoja, waya umeanza kuoza. Fundi mzuri anaubadilisha, lakini jumlisha gharama yake kwenye bei.

Zote mbili zikague hivi. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma na utazame kutoka mbele, kwa mshazari, si moja kwa moja. Vumbi dogodogo si neno, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi kama za utando wa buibui zinazoanzia ukingoni, au wingu la maziwa kwenye kioo cha ndani. Hiyo ni kuvu, na kwa mwambao wetu ndiyo adui namba moja. Kuvu iliyokaa muda mrefu hula rangi nyembamba iliyopakwa kwenye kioo, na hata ikisafishwa alama hubaki. Usiinunue, na usiihifadhi karibu na lenzi zako nyingine.

Kisha tandaza kanga ukutani, uivute isiwe na mikunjo, usimame sawa na katikati yake ili ijaze fremu. Piga kwa f/5.6 kwenye 15mm au 17mm, halafu sogea nyuma upige kwenye 50mm na 85mm. Kuza picha ulinganishe pindo la kushoto na la kulia, kona kwa kona, na usome jina la kanga kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Pembe zote nne zikiwa laini kidogo kwa kiasi sawa, hiyo ni kawaida. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, kuna kioo kilichohama mahali pake, pengine lenzi iliwahi kuanguka. Mwisho piga picha 10 kwenye 85mm kwa kasi ya 1/20 huku IS ikiwashwa, na 10 ikizimwa. Ikiwashwa, nyingi ziwe kali. Matokeo yakilingana, au picha kwenye kitundu ikiruka ghafla badala ya kutulia, kituliza ni kibovu, na ukarabati wake huwa ghali.

Ukishainunua, usiitunze kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Ngozi hunywa unyevu. Chukua kopo la plastiki la lita 5 lenye mfuniko wa mpira, weka gramu 100 za silika jeli ya rangi na kipima unyevu kidogo. Sindano ikae kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, iache ipoe, uirudishe. Mchele usitumie: hunyonya kidogo mno na unga wake huingia kwenye ringi ya zumu.

SWALI: Kamera yangu ni Nikon yenye 18-140mm VR. Usiku napiga picha za pwani ya Matrah nikiwa na stendi ya miguu mitatu, sekunde 10, na bado taa zinatoka maradufu. Pia nikitoka kwenye gari lenye AC lenzi inajaa ukungu. – Msomaji, Maskati

JIBU: Zima VR unapoifunga lenzi kwenye stendi. Kituliza kimetengenezwa kusubiri mkono. Kisipopata mtikisiko kinaweza kufuata mitetemo yake chenyewe, na kwa sekunde 10 vioo vinapata nafasi ya kuelea polepole kutoka mahali pake. Ndiyo maana taa ni maradufu huku stendi haijasogea. Baada ya kuzima, usibonyeze kitufe cha kupigia kwa kidole: weka kipima muda cha sekunde 2, au 5 kama stendi ni nyepesi. Upepo wa baharini ukivuma, shusha nguzo ya katikati ya stendi hadi chini na utundike mkoba wako chini yake, ukigusa ardhi kidogo usije ukabembea.

Ukungu ni unyevu wa nje unaotua kwenye kioo baridi. Usiufute, kitambaa kitapaka chumvi juu ya kioo. Kabla ya kushuka garini, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliokazwa mdomo, ushuke nayo hivyo, na uusubiri mfuko upate joto la nje kwa dakika 20 hadi 30. Matone yatajikusanya juu ya plastiki badala ya kioo. Na usibadilishe lenzi katika dakika hizo, kwa sababu unyevu huohuo utatua juu ya sensa.